Walimu wangu hawasemi kikaoni, wanasemea chini ya mwembe

Swali: Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata, hapahapa Tanzania, na nina mwaka mmoja na nusu kituoni. Nina walimu 28, wanne kati yao wa kujitolea, na wanafunzi 610. Kikaoni nikiuliza "kuna mwenye la kuongeza?" ni kimya. Kikao kikiisha tu, yote yanasemwa chini ya mwembe, nami nayapata kwa watu. Mwaka huu walimu sita wameomba uhamisho. Wanafunzi nao, hasa kidato cha kwanza, wapo wapo tu kama wageni, na utoro umeongezeka. Niliweka sanduku la maoni mwezi wa pili, hadi leo halina hata karatasi. Nifanye nini walimu waseme, na watoto wajione wa hapa?

Jibu: Mwalimu, walimu wako wanasema, ila si kikaoni. Chini ya mwembe neno likitoka linajibiwa papo hapo: mmoja anakubali, mwingine anabisha, wa tatu anacheka. Kikaoni neno hilohilo linaandikwa kwenye muhtasari na kufia humo. Kabla hujabadilisha lolote, hakikisha kwanza kama ndivyo ilivyo kwako.

Toa faili la mihtasari, chukua vikao vitatu vya mwisho, weka pembeni orodha ya walimu wote 28, na kila aliyechangia mtilie alama ya vema. Mihtasari mingi huandika "mjumbe mmoja alitaka kujua", kwa hiyo kaa na katibu akukumbushe ni nani. Mara nyingi majina yenye vema huwa matano au sita, yaleyale. Tazama na wasio na vema kabisa: wa ajira mpya, wa kujitolea, walimu wa kike wenye watoto wachanga.

Kisha rudi kwenye faili hilohilo, uangalie vikao vya mwaka juzi na mwaka wa jana mwanzoni. Tafuta hoja za wale ambao siku hizi wako kimya, na usome jibu walilopewa. Utakutana na sentensi ambayo kila mtumishi wa umma anaijua kwa moyo: "Mwenyekiti aliipokea hoja na kuahidi kuifanyia kazi." Funua "yatokanayo" ya kikao kilichofuata, pale yanapofuatiliwa ya kikao kilichopita. Hoja haimo.

Ni kweli woga upo. Wewe ndiye mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi, tathmini ya utendaji ya kila mwalimu inapita mikononi mwako, na ombi lake la uhamisho pia. Lakini woga unaeleza ukimya wa miezi ya kwanza tu. Mwalimu wa mwaka wa nane kituoni hakuogopi. Amepiga hesabu: nikisema naonekana mkorofi, nikinyamaza sidaiwi kitu, na choo cha walimu kitabaki bila mlango vyovyote vile. Ndiyo maana kuwasihi "jamani semeni, msiogope" hakusaidii. Unatibu woga wa mtu ambaye amechoka.

Daftari la hoja

Nunua kaunta buku moja, pigia mstari safu nne: tarehe na hoja yenyewe, nani anaishughulikia, siku ya jibu, jibu. Likae ofisi ya walimu, si ofisini kwako. Jina la aliyetoa hoja si lazima.

Majibu yanayoruhusiwa ni matatu tu. La kwanza, ndiyo, na tarehe. La pili, hapana, na sababu. La tatu, haliko chini yangu, nimelipeleka kwa fulani tarehe fulani, nitalifuatilia tarehe fulani. "Tutalifanyia kazi" ipige marufuku, uanze na wewe mwenyewe. Siku ya jibu isizidi siku 14, hata kama jibu ni hapana. Walimu wanavumilia hapana yenye sababu kuliko unavyodhani. Kinachowavunja moyo ni kutojua neno lao lilikwenda wapi.

Kila kikao kinaanza kwa kusomwa daftari hilo, na anayelisoma ni katibu. Dakika kumi zinatosha. Hoja iliyopitisha siku yake bila jibu isomwe hivyohivyo: "Haijajibiwa." Utaona aibu mara moja au mbili, na hapo ndipo walimu wataanza kuamini kwamba daftari si pambo.

Hoja za kwanza chagua zile zinazokwisha ndani ya wiki, bila fedha au kwa fedha kidogo. Mfano unaopatikana katika shule nyingi: stoo ya vitabu ina ufunguo mmoja, na mwenye nao akimaliza vipindi vyake saa tano anaondoka. Mwalimu wa Bayolojia ana kipindi saa sita na nusu. Anafika stoo, anakuta kufuli, anarudi darasani na kitabu kimoja chake mwenyewe, anawaandikia wanafunzi 52 maelezo ubaoni. Hajawahi kulisema kikaoni kwa sababu linaonekana dogo, na kwa sababu mwenye ufunguo amekaa pembeni yake. Ufunguo wa pili unachongwa kwa bei ndogo sana, na daftari la kuchukua na kurudisha vitabu linatengenezwa jioni moja. Jambo hilo likisomwa kikao kijacho kwamba limekwisha tangu Jumanne ya wiki iliyofuata, hoja za pili zitakuwa nzito kidogo. Usitangulize yale makubwa, kama nyumba za walimu, kwa kutaka kuonyesha kwamba unawajali. Yatakwama, na daftari litakwama nayo.

Kikao chenyewe

Ajenda za kawaida unazijua: kufungua, yatokanayo, taarifa ya mkuu wa shule, taaluma, nidhamu, mengineyo, kufunga. Taarifa yako peke yake inakula dakika arobaini. Sauti ya mwalimu imewekwa kwenye "mengineyo", mwishoni kabisa, wakati nusu ya ukumbi inawaza daladala na nusu nyingine inawaza aliyebaki na mtoto. Hapo ndipo unapouliza kama kuna mwenye la kuongeza. Kwa namna kilivyopangwa, kikao chenyewe kinawaomba wanyamaze.

Kigeuze. Matangazo yote yasiyohitaji mjadala (tarehe za mitihani, wageni, nyaraka zilizoingia) yaandike ukurasa mmoja, ubandike ubaoni siku mbili kabla. Yatokanayo na daftari la hoja yakimalizika, hoja za walimu ndizo zifuate. Ziwe mbili, zisizidi tatu, zilizokusanywa kwa wakuu wa idara mapema. Kwa kila hoja: dakika tatu kila mtu anaandika peke yake kwenye kipande cha karatasi, dakika tano wawili wawili wanajadili, kisha kila jozi inatoa jambo moja. Usiruke dakika tatu za kuandika. Bila hizo, wale watano wa siku zote watasema, na wengine watasema "nami naungana na mzungumzaji aliyetangulia".

Anza na mwalimu mgeni kuliko wote, maliza na mkongwe. Wewe uwe wa mwisho. Mkuu akishasema "mimi naona bora...", mjadala umekwisha, hata kama watu wataendelea kufungua midomo. Uenyekiti nao utoe: makamu, mwalimu wa taaluma, wakuu wa idara kwa zamu. Wewe kaa upande, andika.

Na kabla ya kila hoja, tamka ni ya aina gani. Kuna mambo ambayo walimu wenyewe ndio waamuzi, kama ratiba ya zamu na namna ya kugawana vipindi ndani ya idara. Kuna ambayo utaamua wewe baada ya kuwasikiliza. Na kuna yaliyokuja kwa waraka, ambayo hayajadiliwi yafanyike au yasifanyike, bali yafanyikeje hapa kwetu. Kosa baya kuliko yote katika kazi hii nzima ni kuwaomba walimu maoni juu ya jambo ulilokwisha kuliamua. Watagundua. Afadhali useme wazi, "Hili nimeshaliamua, naomba mnisaidie lisituumize," kuliko kuwachezea.

Saa ya kikao ni sehemu ya sauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Kikao cha saa tisa alasiri kinamwambia achague. Ukiwa na vipindi vinane vya dakika 40, siku moja kwa mwezi fanya kila kipindi dakika 30, unapata dakika 80 ndani ya muda wa kazi. Mweleze Afisa Elimu Kata mapema ili asikute wanafunzi nje akadhani shule imelala. Mara moja kwa mwezi tu. Ukifanya kila wiki umekula mtaala.

Walimu wa kujitolea waingie kikaoni, wasaini mahudhurio, na karatasi zao zisomwe kama za wengine. Katika shule nyingi hao ndio wanaobeba Fizikia na Hisabati, lakini wanakaa benchi la nyuma kama waliokuja kusubiri mtu. Mpishi na mlinzi huhitaji kuwaita kila kikao, ila mara moja kwa muhula uwasikilize. Mlinzi anajua nani anaruka uzio na kwa nini, kabla ya mwalimu wa nidhamu.

Yanayoharibu

Wapambe kwanza. Kila mkuu anao wawili watatu wanaopitia ofisini asubuhi: "Mkuu, jana fulani alisema..." Siku utakapomchukulia mtu hatua kwa maneno ya kunong'onezwa, shule nzima itajua kabla ya mapumziko, na hutasikia tena sauti ya kweli hadi utakapohamishwa. Jibu la kumpa ni moja: "Hilo ni la kikaoni, liandike kwenye daftari." Ukilirudia mara tatu, njia ya ofisini kwako itapungua watu. Utakosa habari fulani, ni kweli. Nyingi kati ya hizo zilikuwa majungu.

Pili, kundi la WhatsApp. Liwe la matangazo, basi. Ukimwuliza mwalimu mbele ya wenzake 27, "Mwl. fulani, mbona hujaingia kipindi cha pili?", umemvua nguo, na picha ya ujumbe huo itafika halmashauri kabla yako. Baada ya saa mbili usiku usitume kitu isipokuwa cha dharura.

La tatu halihitaji maelezo marefu: usimkemee mwalimu mstarini, wala mlangoni mwa darasa lake. Ukishafanya hivyo, darasa lile halitamsikiliza, na yeye hatakusikiliza.

Sanduku lako liko wapi? Kama linaonekana kutoka dirishani kwako, umepata jibu la karatasi sifuri. Na kama ufunguo unao wewe, hiyo ni sababu ya pili. Lihamishie ofisi ya walimu, liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu aliyechaguliwa na wenzake, mwingine kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo shuleni. Lifunguliwe kila Ijumaa mbele ya wawili hao, na hoja zinakiliwe kwenye daftari kwa mwandiko wa mmoja wao. Miandiko ya walimu inajulikana. Mtu anayesahihisha madaftari miaka kumi na wenzake hawezi kuficha herufi zake. Lakini daftari likifanya kazi, sanduku litapungua umuhimu, na hiyo ni dalili nzuri.

Halafu fedha. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kiwango cha ruzuku ya sekondari kinachotajwa ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Walimu wako wanaweza kuzidisha: 610 mara 25,000 ni 15,250,000. Wasichokiona ni kwamba sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na kinachoingia kwenye akaunti ya shule huja kwa mafungu. Usipowaonyesha, tofauti hiyo wataijaza wenyewe, na wataijaza kwa jina lako. Bandika kila mwezi ofisi ya walimu karatasi moja: zilizoingia, tarehe, zilizotoka, kwa kazi gani, salio. Isiwe ripoti ya mkaguzi. Mistari kumi yatosha. Hakuna mwalimu atakayeongelea mbinu za kufundishia kwa moyo mweupe huku akiamini chaki zimeliwa.

Yale yaliyo juu ya uwezo wako, kama malimbikizo, kupandishwa daraja na fedha za kujikimu za ajira mpya, usiyapeleke kwa simu. Tengeneza jedwali: jina, cheki namba (namba ya mtumishi), aina ya dai, kiasi, tangu lini, kielelezo kipi kimeambatishwa. Barua moja kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia Afisa Elimu Sekondari, nakala kwa mwakilishi wa chama. Andika kwenye daftari tarehe ya kupeleka na tarehe ya kufuatilia. Jedwali lenyewe lifungiwe, maana madai ya mtu ni siri yake. Barua yenye majina tisa na vielelezo tisa hujibiwa mapema kuliko malalamiko ya mdomo ya "walimu wangu wana hali ngumu".

Hao sita walioomba uhamisho waite mmoja mmoja, bila kuwasihi wabaki. Uliza maswali mawili: ni jambo gani la hapa shuleni lilichangia, na ni lipi tungelibadilisha hata kama wewe unaondoka? Wapo wanaofuata wenza wao, hao uwatakie heri. Majibu ya hao wengine ndiyo hoja zako tatu za kikao cha kwanza.

Watoto

Hapa kuna zoezi moja ambalo ukiacha mengine yote, hili usiliache. Chapa orodha za mikondo yote, kila mkondo karatasi yake. Kwa wanafunzi 610 utapata karatasi kama kumi na mbili. Zibandike ukutani ofisi ya walimu siku ambayo wanafunzi wameshaondoka, mlango umefungwa. Kila mwalimu anapita na kalamu, akitia vema mbele ya jina la kila mwanafunzi ambaye anaweza kusema jambo moja juu yake lisilo alama za mtihani wala kosa. Anaishi na bibi. Anajua kushona. Anachunga ng'ombe Jumamosi. Kama unachojua ni kwamba "anafeli Hesabu" au "mchelewaji", huna vema. Dakika arobaini na tano zinatosha.

Mkimaliza, rudini nyuma mtazame ukuta bila kusema. Kuna majina yatakuwa na vema tisa: kiranja mkuu, mtoto wa mwalimu, mcheza mpira, na yule msumbufu ambaye kila mtu anamjua. Na kuna majina meupe. Mtoto anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa tisa, mwaka mzima, na hakuna mtu mzima katika shule hiyo anayejua lolote juu yake. Si wale watundu. Ni wale waliokaa mstari wa tatu dirishani, wanaopata 38 na 41, ambao wakiacha kuja inapita wiki ndipo mtu aulize. Utoro wako mwingi unatoka kwenye majina hayo.

Yagawaneni. Hata yakiwa mia na kumi, walimu 28 wakichukua wanne wanne mmeyamaliza. Kazi ya kila mwalimu ni kumwita mtoto kwa jina na kuongea naye dakika mbili, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Isiwe ushauri nasaha, wala ya kumwita ofisini. Iwe verandani, uwanjani, mahali watu wanapita. Hilo la mahali ni la usalama: mwalimu wa kiume asimwite msichana faragha kwa kisingizio cha zoezi hili, na liseme wazi kabla hamjaanza. Mtoto akitamka jambo zito, la kupigwa nyumbani au kuguswa, mwalimu halimalizi mwenyewe. Analipeleka kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo.

Karatasi zitoeni ukutani jioni ileile. Mwanafunzi akiona jina lake halina vema, mmefanya kinyume cha mlichokusudia. Na angalieni mtego mwingine: walimu huchagua kwanza watoto wachangamfu. Gawa kwa kuhesabu, usigawe kwa kuchagua. Baada ya wiki sita rudieni ukuta.

Kidato cha kwanza kina tatizo la ziada, lugha. Mtoto aliyekuwa akijibu darasa la saba kwa Kiswahili, mkono juu, "mwalimu mimi, mwalimu mimi", anafika kwenu na katika miezi michache anakuwa bubu. Hakupungukiwa akili. Amenyang'anywa ulimi, na pengine kuna kibao anachoning'inizwa shingoni akikutwa anaongea Kiswahili. Kibao hicho kitupe leo. Hakifundishi Kiingereza, kinafundisha kuviziana, maana mwenye nacho hutafuta wa kumrithisha. Badala yake, mwalimu akiuliza swali zito, awape dakika tatu wajadili wawili wawili kwa Kiswahili, kisha mmoja atoe jibu kwa Kiingereza hata kama limevunjika, na mwalimu alirudie likiwa zima bila kumkebehi. Kwa miezi ya kwanza ubaoni kuwe na maneno sita hadi nane ya kipindi hicho, yakiwa na maana yake.

Lingine ni la kinywa tu. Mtoto alikosekana siku tatu, amerudi. Mwalimu wa darasa anamwambia, "Ulikuwa wapi?" Kwa sauti ile tunayoijua, hilo si swali, ni mashtaka, na mtoto anatafuta uongo. Akianza na "Tulikukosa, kulikoni?" atapata habari ya kweli: mama alilazwa, sare ilikuwa moja na ilichafuka, nauli. Adhabu, kama ipo, inaweza kufuata. Juu ya viboko, kanuni za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, viwe kwa makosa mazito, mtoaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu chake. Fimbo ya mwalimu wa zamu getini kwa kila aliyechelewa dakika tano haimo humo, na mtoto anayetembea kilomita saba atahesabu kama afike achapwe au ageuke.

Chakula cha mchana kitazame kwa macho yako. Kama kuna foleni ya waliochangia na kundi la wasiochangia wanaozugazuga bombani, basi kila siku saa saba mnatangaza nani wa hapa na nani si wa hapa. Orodha ya michango ikae kwa kamati ya wazazi, isikae kwa mpishi mwenye mwiko. Mzazi asiye na mahindi anaweza kuleta kuni au siku za kazi, wakikubaliana kwenye mkutano wa wazazi na si kwa huruma ya mtu mmoja.

Kwa wanafunzi waliorudi shuleni kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, wakiwemo wasichana waliojifungua, jambo kubwa ni kutowatangaza. Asitambulishwe mstarini, asitolewe mfano. Mwalimu wa darasa na wa malezi wajue, wakubaliane naye juu ya siku za kliniki ya mtoto, basi.

Utaratibu wa muda

Usianze yote. Wiki ya kwanza faili la mihtasari na wale sita. Wiki ya pili daftari na kikao kilichogeuzwa. Zoezi la ukuta lisubiri hadi hoja mbili tatu za walimu ziwe zimejibiwa na kusomwa. Mwalimu ambaye choo chake hakina mlango ukimwambia aongeze watoto wanne wa kuwafuatilia, atakusikia kama mtu anayemwongezea mzigo, na atakuwa na haki.

Kati ya kikao cha pili na cha tatu malalamiko yataongezeka, mengine makali, mengine yakikugusa wewe. Wakuu wengi hapo ndipo wanapofunga daftari wakisema walimu hawaridhiki. Yaache yasomwe. Chini ya mwembe nako kutaendelea kuwa na maneno, wala usijaribu kukuzuia. Unachotafuta ni orodha yako ya majina 28: baada ya kikao cha nne irudie, uhesabu vema. Zikiwa kumi na tano kutoka sita, endelea hivyohivyo. Zikibaki sita, fungua daftari uangalie safu ya nne, utakuta kuna mahali imeachwa wazi.